Haraka na salama? Chagueni moja

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu pia. Swali lenu la wiki hii ni "Mtu aliyemeza dawa za wasiwasi miaka mingi afanyeje kuziacha haraka na kwa usalama?" na mie hapo kwenye haraka ndo nimekwama, manake haraka hiyo ndo iliyomuangusha binamu yangu wa Matondoni, kule kisiwani Lamu. Mie ni fundi cherehani hapa Malindi, diazepamu nimeimeza miaka, nimeiacha, na kazi yangu naifanya kama kawaida. Nionavyo mie mwendo wa kuacha unaamuliwa na mwili wa anayemeza, akiwa na daktari wake, basi. Si mume, si wifi, si kalenda.

Tuelewane kwanza ni dawa gani, watu huzitia zote kapu moja. Mie nasema zile za jamii ya Valium, yaani diazepamu, lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu. Zile nyingine kama fluoksetini na setralini ni jamii mbali, nazo pia hazikatwi ghafla lakini hazina ile hatari ya kuanguka kifafa. Hizi za Valium zinayo. Valium, ambayo ndo diazepamu yenyewe, ilitoka 1963, ikasifiwa kuwa afadhali kuliko dawa za usingizi za zamani, watu wakapewa wakaachwa nazo. Kule Uingereza tangu 1988 madaktari waliambiwa wasizitoe zaidi ya wiki 2 mpaka 4, na Marekani mwaka 2020 wakaamrisha zibandikwe onyo kali kabisa la utegemezi. Huku kwetu mie nilipewa kwa ajili ya moyo kudunda na kuhisi nakufa, nikaambiwa meza usiku utalala, na nikalala kweli, na nikaendelea kununua, hakuna aliyeniuliza cheti wala nazimeza mpaka lini.

Sasa yule binamu. Yeye alikuwa kwenye alprazolamu. Dada yake akaona video kwenye simu ati hizo ni madawa ya kulevya, akazitupa chooni zote kwa nia njema kabisa, na hii alprazolamu haikai mwilini sana, siku ya pili mtu keshaanza kutetemeka, jasho, hasemi la maana, mara akaanguka na mapovu. Nyumbani wakasema jini. Ubani ukachomwa, kombe likaandikwa akanyweshwa, na mie sina neno na kombe, nimelinywa tangu utotoni, lakini lile lilikuwa ni la hospitali saa ile ile na si baadaye, ikabidi apakiwe mashua usiku kupelekwa Amu, Lamu mjini. Alipona alhamdulillahi. Alirudishiwa dawa ndo akatulia, kisha wakaanza kumpunguzia polepole, jambo ambalo lingefanywa mwanzo.

Daktari alivyonieleza mie ni kwamba ubongo una kitu chake cha kujituliza, na dawa inakiongezea nguvu. Ukimeza miaka, ubongo unapunguza bidii yake kwa sababu kazi inafanywa na mwingine. Ukiitoa dawa leo, ubongo haujarudi kazini bado, na huo muda wa kati ndo una mateso yote, usingizi hakuna, mikono inatetemeka, mwanga unaumiza, masikio yanalia, mwili unawashawasha. Hiyo haimaanishi wewe ni teja. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu hapa mtaani vidonge hivi vikitajwa tu mtu anafikiria bugizi, vile vidonge vya kulewea vya mitaani, na mie niliambiwa na mtu wa nyumbani mwangu kabisa ati niende nikapange foleni kliniki ya methadoni, ile iliyofunguliwa hapa Malindi 2015. Jamani methadoni ni ya waliokuwa kwenye heroini, haihusiani na Valium hata kidogo, na ukizichanganya mbili hizo pumzi inaweza kukata ukiwa umelala. Vivyo hivyo pombe, na zile dawa za kikohozi zenye kodeini.

Haya, upunguzaji wenyewe. Mpango wa kawaida ni kutoa asilimia 5 mpaka 10 ya kile unachomeza sasa, kisha unakaa hapo wiki 2 mpaka 4, ndo unatoa tena. Nasema unachomeza sasa, si ulichoanza nacho, na hapa ndo wengi hupigwa chenga. Kutoka miligramu 10 kwenda 9 umetoa sehemu ya kumi. Kutoka 2 kwenda 1 umetoa nusu nzima, ingawa kwa macho ni miligramu moja ile ile. Mtu anateremka vizuri huko juu, akifika chini anasema ah hiki kipande ni kidogo hakina maana, anakiacha, wiki haijaisha yuko macho saa tisa usiku anahesabu mabati. Kule chini ndo pa kwenda taratibu zaidi. Profesa mmoja wa Newcastle, Heather Ashton, aliendesha kliniki ya watu wa kuacha dawa hizi kutoka 1982 mpaka 1994, na njia yake mpaka leo inafuatwa, kwamba aliye kwenye dawa ya muda mfupi kama alprazolamu anahamishwa kidogo kidogo kwenye diazepamu, ambayo hukaa mwilini siku nyingi, halafu ndo ateremke. Kuhamisha huko si hesabu ya kufanya mwenyewe mezani, nusu miligramu ya alprazolamu kwa hesabu ya Ashton ni kama 10 za diazepamu, ukikosea unaumia.

Vidonge vya diazepamu vya miligramu 2 ndo rahisi kukata. Mie nilikuwa natandika sahani ya kikombe cha kahawa, wembe mpya, naweka kwenye ule mstari wa kidonge nabonyeza mara moja bila kusaga. Nusu inatoka vizuri. Robo ndo mtihani, moja inatoka nene nyingine unga. Nikawa na hofu ati leo nimezidisha kesho nimepunguza, daktari akacheka akasema diazepamu hiyo tofauti ya vumbi inajisawazisha yenyewe kwa vile haitoki mwilini upesi.

Kipimo changu cha kujua mwili umetulia kilikuwa kutunga uzi. Asubuhi kabla ya chai, uzi mweusi, sindano ya cherehani namba 14. Uzi ukiingia bila kuhangaika basi nishazoea dozi hii, mkono ukicheza nabaki pale pale hata kama daktari alisema leo ni siku ya kushuka, nampigia namwambia bado, naye hakuwahi kunigombeza. Na kabla ya Idd sikushuka kabisa, wenye kushona mnajua, madera na kanzu mpaka dirishani, hulali, Ramadhani nayo usingizi umekatwa vipande kwa daku, utajuaje kama ni dawa au ni uchovu? Nilisubiri mfungo uishe. Kahawa tungu niliipunguza pia, hiyo iliniuma kuliko dawa wallahi. Na wale wa muguka, yale majani ya kuchangamsha kama miraa, mnatafuna mchana mnatafuta kidonge usiku, huko hakuna kushuka.

Kitu kingine, kuna siku utasema ugonjwa umerudi. Unaweza kuwa umerudi kweli, lakini angalia. Ukianza siku chache baada ya kupunguza, ukaja na mambo ambayo hujawahi kuwa nayo kama masikio kulia au mwanga kuumiza, na ukikaa bila kushuka tena unafifia wiki baada ya wiki, hiyo ni dawa inatoka. Ule wasiwasi wangu wa zamani nao ulikuwepo chini pale, nikakaa na mshauri wa kliniki kuzungumza na kujifunza kutokimbia moyo ukidunda, na hilo lilinifaa kuliko nilivyotegemea.

Mjamzito, mwenye kifafa, aliyewahi kuanguka alipojaribu kuacha, mlevi, na anayemeza dozi kubwa, nyinyi msianze nyumbani hata kwa huo mwendo wa konokono, kuna watu hulazwa ndo wapunguziwe. Na yeyote akianza kuona vitu visivyokuwepo au kuchanganyikiwa, hospitali, ubani utachomwa akirudi.

Mhariri, wiki ijayo waulizeni wenye kemisti, yule mama anayekuja kila mwezi na noti yake mkononi bila karatasi ya daktari, wao wanamuuzia wakiwaza nini? Tungependa kuwasoma.