Re: Zahanati tatu, modeli moja

Ndugu, umeuliza kama kufuta majina kunatosha kabla ya kukusanya rekodi za wajawazito wa zahanati za Faza, Witu na Mpeketoni, kule Lamu, kwenye seva moja ili kufunza modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kutoka kwenye data. Hakutoshi. Kijiji, umri na tarehe ya kujifungua vikiunganishwa vinaweza kumtaja mtu wazi, hasa visiwani.

Data ibaki ilipo, isafiri modeli. Seva inatuma vigezo, yaani namba zinazoiongoza modeli, kila zahanati inafunza kwa rekodi zake mzunguko mmoja hadi mitano, inarudisha mabadiliko ya vigezo hivyo tu. Seva inayapigia wastani kwa uwiano wa idadi ya rekodi.

Ila mabadiliko nayo huvuja: yakitokana na rekodi chache, mwenye seva anaweza kuziunda upya. Kwa hiyo wekeni kikomo cha ukubwa wa kila badiliko, ndipo muongeze kelele ya Gauss, yaani namba za nasibu zinazoficha mchango wa rekodi moja moja. Kelele bila kikomo haikupi dhamana yoyote ya faragha. Na kwa zahanati tatu tu, usahihi utashuka, msidanganyane.

Kabla ya yote linganisheni vipimo. Witu wakiandika uzito wa mtoto kwa gramu na Faza kwa kilo, modeli itaharibika kimya kimya, maana hakuna anayeziona data zote pamoja.