Giaboksi ya Hilux ya zamani, kabla hujalipa soma hapa

Ndugu yangu wa Muheza, umesema Hilux yako ya dizeli ya gia 4, gia ya tatu inaruka yenyewe na kutoka ukipakia machungwa na fundi kakwambia weka giaboksi ya gia 5 ya mtumba. Inawezekana, ila usinunue kwa kuangalia sura tu. Kengele ya mbele, yaani lile ganda la giaboksi linalofungwa kwenye injini, ya petroli na ya dizeli hazifanani, mimi nililetewa ya petroli hapa Ngamiani, Tanga, tukaibeba watu wawili mpaka chini ya gari, matundu ya bolti hayakutani hata moja, na muuza spea hapokei simu!

Nenda na pleti yako ya klachi mkononi, ichomeke kwenye shafti ya giaboksi hapo hapo dukani, iteleze yenyewe bila kugongwa. Pima na urefu wa giaboksi, maana ikiwa ndefu kuliko ya zamani, propela shafti (ile inayopeleka nguvu nyuma) itabidi ikatwe, kamuone fundi wa kuchonga, na mauntingi ya nyuma inayoshika giaboksi itahama.

Giaboksi ya zamani ikishashuka badilisha rilizi beringi (ile inayosukuma klachi) na ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili inayoshika ncha ya shafti, bei yake ndogo we usije kushusha mzigo mara mbili. Oili ya giaboksi weka iliyoandikwa GL-4, siyo ile chafu ya kwenye dumu.