Usitangulize hata senti! Bango limebaki, mpishi kaondoka

Mkuu, kama hiyo hela bado hujaituma, weka simu mezani kwanza.

Nimesoma swali lako nikiwa kazini nikashindwa kuendelea na kazi. Mgahawa wa Wavietnam wa mtaani kwenu hapo Arlington, Virginia, unafunga tarehe 30, umeuzwa, mwenye mpya ataufungua tena kwa jina lile lile, na wewe unataka kumtangulizia nusu ya hela ya chakula cha watu 30 cha kipaimara cha binti yako kwa sababu umeambiwa "ni wale wale tu". Halafu chini kabisa ndiyo unauliza kama karibu na hapo kuna pengine penye phở nzuri, ile supu yao ya tambi.

"Ni wale wale tu." Maneno hayo manne yalinitoa dola 780.

Ilikuwa ubatizo wa kijana wangu wa pili. Mama mkwe kaja kutoka Moshi, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na wageni wamefika 40 kwa sababu sisi Watanzania ukimwalika mtu mmoja anakuja na gari zima. Mtaani kwetu kulikuwa na kimgahawa cha meza tisa. Mama jikoni, mumewe kaunta, kalenda ya ukutani ya miaka mitatu nyuma. Nilikuwa pale kila Jumamosi asubuhi, maana Wavietnam phở wanaila asubuhi kama sisi tunavyokunywa supu na chapati mbili kabla ya kwenda kuhangaika. Yule mama alikuwa anabandika mifupa usiku. Kitunguu na tangawizi anavibabua motoni mpaka vinakuwa vyeusi kwa nje, mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na kile kiungo chenye umbo la nyota anavikaanga bila mafuta, ndipo vinaingia sufuriani. Ukifungua mlango harufu inakupokea kama nyumba ya watu siku ya Idi.

Wakafunga. Walikuwa wamechoka, watoto wao wana kazi zao za ofisini na hakuna aliyetaka kurithi sufuria. Wiki ya mwisho nilikwenda mara tatu. Nilikula, nikapiga picha na bakuli kama vile ni bibi harusi, nikamshika mzee mkono, karibu nilie. Lakini sikumuuliza yule mama swali hata moja. Nilidhani ninayemuaga ni jengo.

Mwezi mmoja baadaye taa zikawaka. Bango lile lile, viti vile vile, hata kalenda haikuguswa. Jamaa mmoja wa kazini kwangu, mjuzi wa kila kitu, yule ambaye ukimwambia umenunua kiatu anakuambia ulipaswa kununua wapi, akaniambia nisihangaike, wamebadilisha makaratasi tu. Nikaangalia kwenye simu: nyota nne na nusu, maoni mamia, watu wanasifia mchuzi mpaka unameza mate. Nikapiga. Binti aliyepokea akasema mapishi ni yale yale. Nikatuma nusu. Walitaka yote, nikajiona mjanja kweli kutuma nusu! Nusu ya pili nililipa chakula kikiwa tayari mezani na padri kashanawa mikono.

Sasa sikiliza kilicholetwa. Tambi zilikuwa zimeshikana bonge moja, ukiinua uma linakuja lote kama nyavu iliyonasa. Chả giò, zile sambusa zao za kuviringisha, zilikuwa za baridi na zimelegea. Na mchuzi... mchuzi ulikuwa maji ya moto yaliyosimuliwa habari za nyama. Mama mkwe, mtu aliyelelewa na mtori, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini kwa heshima, akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, huyu ng'ombe alipita tu kusalimia?"

Mpaka leo mke wangu akitaka kunimaliza kwenye ubishi wowote, hata wa rangi ya pazia, anasema neno moja tu: "Ng'ombe." Mimi nafunga mdomo. Nilijitetea kwamba pengine ni phở ya kikaskazini, maana kweli ya Hanoi ni nyepesi na haina makorokoro mengi kama ya Saigon, kule kusini. Hakuna aliyenisikiliza, na nadhani walikuwa na haki.

Mabaki tuliyaweka kwenye friji. Asubuhi nikafungua: maji matupu, yanachezacheza. Mchuzi uliotoka kwenye mifupa kwa saa nyingi ukilala kwenye baridi unaganda, unatikisika kama makongoro ya jana. Ule ulikuwa unga wa pakiti.

Kuhusu zile nyota ndipo ninapopandwa na hasira. Mgahawa ukiuzwa pamoja na jina, mara nyingi ukurasa wake kwenye hizo programu unabaki na nyota zake zote. Yaani sifa alizozihangaikia yule mama kwa miaka, kwa mikono yake, zinauzwa pamoja na friji na meza! Nilirudi baadaye nikapanga maoni kuanzia ya karibuni. Kumbe mambo yalikuwa wazi, watu watano mfululizo wanalia kama mimi. Ila mimi nilisoma ya juu tu, yale yenye picha nzuri, ya enzi zile. Yule jamaa wa kazini nilipomweleza aliniambia, "Ungeniuliza ningekuambia uonje kwanza." Nusura nimwagie kahawa.

Miezi kama saba imepita, niko Eden Center, lile eneo la maduka ya Wavietnam kule Falls Church, natafuta mchaichai na samaki, napita mbele ya kibanda fulani cha chakula, pua yangu ikanisimamisha kabla ya macho. Harufu ile! Nikachungulia jikoni, yule mama yupo, kavaa aproni ya rangi nyingine, anamsaidia dada yake. Nilimlalamikia kama mtoto: mbona hukuniambia unakuja huku? Akanitazama tu. "Uliniuliza?"

Umbali kutoka nyumbani kwangu ni dakika kumi na mbili kwa gari. Dakika kumi na mbili, mkuu, na mimi nimelisha kanisa zima maji.

Fuata mpishi. Usifuate bango, usifuate nyota, usifuate viti. Na si jambo nililolizua mimi. Wavietnam waliofika huku baada ya Saigon kuanguka mwishoni mwa vita, 1975, walifungua maduka na migahawa yao Clarendon, hapo hapo Arlington kwenu, maana ujenzi wa reli ya Metro ulikuwa umeuvuruga mtaa na kodi ya pango ilikuwa chini. Kituo kikafunguliwa 1979, pango likaanza kupanda, wakafungasha mmoja baada ya mwingine. Wengi wakaenda Falls Church, Eden Center, iliyoanza 1984. Leo pale kuna maduka na migahawa zaidi ya mia, na mnara wa saa ulioigwa kutoka soko la Bến Thành la Saigon. Majengo ya Clarendon hayakwenda popote. Mapishi ndiyo yaliyohama, na aliyetaka kula alihama nayo.

Ukifika, usiingie penye foleni ya watu wa picha. Tafuta penye wazee wanaobishana juu ya kahawa ya maziwa ya kopo, agiza bún bò Huế, supu nyingine ya tambi, kama unapenda pilipili na mchaichai, au cơm tấm na mbavu za nguruwe. Cơm tấm ni chenga za mchele, zile zile ambazo kwetu mtu ananunua mwisho wa mwezi na kuficha mfuko. Wenzetu wamezipandisha cheo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Hao wa mtaani kwenu bado wapo mpaka tarehe 30. Nenda kesho saa tisa alasiri, muda ambao hakuna wateja, kula, lipa taslimu, halafu omba kumsalimia mpishi mwenyewe, siyo wa kaunta. Muulize mambo mawili: anakwenda kupika wapi, na siku yake ya mapumziko anakula wapi. Kama hajui Kiingereza cha kutosha mwite mtoto wake atafsiri. Andika jibu kwenye karatasi, siyo kichwani.

Na huyo mwenye mpya akikupigia kuhusu hela, mwambie utaonja kwanza akishafungua. Akikasirika umeshapata jibu. Mrejesho tafadhali, nitakuwa hapa jukwaani mpaka usiku.