Kabla ya Kutuma Arubuni ya Nyumba ya Likizo Mombasa

Desemba ikikaribia, jamaa zangu wa Dar es Salaam, Muscat na Uingereza huanza kunitumia picha za nyumba: sebule nyeupe, bwawa la kuogelea, roshani inayotazama bahari. Wananiuliza kama ni nzuri. Nami huwauliza: ufunguo wake anao nani?

Nyumba inaweza kuwa ya kweli kabisa, iko Nyali, bahari hiyo hapo mbele, na bado huyo anayekuandikia hajawahi kukanyaga ndani yake. Amechukua picha kwenye tangazo la mwingine, ameshusha bei, anangoja arubuni. Aliye nje ya nchi ndiye anayewindwa zaidi, kwa kuwa hawezi kupita jioni akachungulia.

Basi mwombe akupigie simu ya video akiwa kwenye nyumba yenyewe. Usikubali video iliyokwisha kurekodiwa. Aanzie getini, asalimiane na mlinzi, apande hadi mlangoni, afungue. Akishaingia, afungue bomba la jikoni, awashe kiyoyozi, akuonyeshe dirishani kuna nini. Mwenye ufunguo hayo kwake ni ya dakika chache. Asiye nao atakuambia mtandao mbovu, yuko Nairobi, kuna mgeni ndani. La mgeni huenda likawa kweli, lakini mgeni huondoka. Mwambie utangoja, na pesa nayo ingoje.

Ukiwa na ndugu hapa mjini, mtume. Mimi nimeshakwenda kuwaangalizia shangazi na binamu zangu, na mtu wa kwanza kuzungumza naye ni mlinzi wa geti. Yeye ndiye anayewajua wanaoleta wageni katika jengo lile. Jina la mwenyeji likiwa geni kwake, mimi sigongi hata mlango.

Kuhusu malipo nina msimamo mkali. Airbnb, tovuti ya kukodi nyumba za likizo, humlipa mwenyeji kiasi cha saa 24 baada ya muda wa mgeni kuingia, kwa hiyo ukifika ukakuta mambo sivyo, pesa bado haijamfikia. Mwenyeji akikuomba mhamie WhatsApp umlipe mwenyewe ili akupunguzie, kinga hiyo umeipoteza, na punguzo lake halilingani na hasara inayoweza kukupata. Ukilazimika kulipa kwa M-Pesa, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, lilingane na lililo kwenye mkataba na kitambulisho. Ujumbe wa muamala unaweza kuutuma kwa namba 456 ya Safaricom, wenye M-Pesa, kuomba pesa irudishwe, lakini tapeli hakai nayo, akishaitoa, imekwenda. Muulize pia kuhusu leseni, maana nyumba za wageni Kenya zinasimamiwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011.

Kuna mambo ya Mombasa ambayo picha hazisemi. Maji ya mfereji hayatoshi, na majengo mengi hutegemea visima vyenye maji ya chumvi. Uliza kuna tangi la ukubwa gani, na maji ya kupikia yanatoka wapi. Umeme mara nyingi ni wa tokeni, yaani hulipiwa kabla ya kutumika: uliza nani ananunua, kwa sababu kiyoyozi kikilala kinawaka usiku kucha, tokeni huisha upesi. Jenereta je, inabeba kiyoyozi au taa tu?

Na mahali penyewe. Matangazo huandika Mombasa hata nyumba ikiwa Diani, ambako ni Kaunti ya Kwale, au Mtwapa, iliyo Kilifi. Pote pazuri. Lakini kama unakuja harusini Mji wa Kale pamoja na wazee na watoto, Diani ina maana kila siku mvuke feri ya Likoni au mzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.

Ukifika, rekodi video ya kila chumba kabla ya kufungua masanduku, uulize na funguo nyingine ziko kwa nani. Wapo wanaokupokea njiani wakidai bomba limepasuka, twende nyumba nyingine. Usishushe mizigo. Wapigie tovuti uliyolipia mkiwa bado ndani ya gari, na huyo mwenyeji akisikia.