Mashua ya futi 26, ngalawa au faiba: mwalimu achukue ipi?

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mwakani nastaafu. Nimekulia Pangani, na tangu utotoni natamani chombo cha tanga kilicho changu. Sitaki cha uvuvi wala cha biashara, nataka cha kutembea na mke wangu na wajukuu hadi visiwa vya Ulenge au Yambe, jioni turudi. Nimetenga shilingi milioni tisa. Kuna mashua ya futi 26 inauzwa milioni saba na nusu, mwenyewe anasema haivuji hata tone. Rafiki yangu ananishauri nichongeshe ngalawa. Mwanangu anataka tusubiri boti ya faiba iliyotumika. Nichukue ipi? Nitaijuaje mashua nzima? Na je, nifunge mashine au tanga linatosha?

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu. Hiyo ya futi 26 iache, hata kama ni nzima. Fedha yako inatosha kuinunua, haitoshi kukaa nayo. Ukishalipa unabakiwa na milioni moja na nusu, na chombo cha mbao cha ukubwa huo kinaweza kuila yote kabla mwaka haujaisha: kalafati (kuziba nyufa za mbao kwa pamba), misumari, rangi, kamba, pengine tanga zima. Mteja anayetaka chombo cha kutembelea huwa namwambia atenge theluthi ya fedha yake, asiiguse mpaka chombo kimepandishwa pwani, kimekaguliwa, kimetengenezwa na kushushwa tena. Kwa hesabu hiyo wewe unatafuta chombo cha milioni sita au pungufu.

Watu huponzwa na futi. Futi sita zikisikika zinaonekana si kitu, lakini chombo kikipungua urefu hupungua na upana na kina kwa pamoja. Cha futi 20 chenye umbo lile lile hakifiki nusu ya uzito wa cha futi 26, na sehemu ya kupaka rangi inapungua kwa karibu asilimia 40. Tanga nalo, ukishuka kutoka foromali (mti unaobeba tanga) ya mita 10 hadi ya mita 8, kitambaa kinapungua kwa zaidi ya theluthi. Kasi utakayoipoteza ni ndogo mno. Chombo kizito kama mashua mwendo wake unafungwa na urefu wa sehemu inayokaa majini, na baina ya futi 20 na 26 tofauti haizidi kilomita mbili kwa saa. Mwenye haraka ya kwenda Yambe kula samaki wa kuchoma ana mambo mengine yanayomsumbua.

Tena kuna suala la mikono. Unajua mwenyewe, umekulia Pangani: kugeuza tanga letu kunataka foromali ipitishwe mbele ya mlingoti na demani, kamba ya kuongozea tanga, ihamie upande wa pili, na kusi ya mwezi wa saba haikungoji umalize. Kwenye futi 26 hiyo ni kazi ya wanaume watatu wanaoelewana. Mabaharia wako ni wewe, mama, na wajukuu. Utalazimika kuajiri vijana kila unapotaka kutoka, na chombo kinachohitaji kuajiri watu ndipo kitoke huwa kinashinda nangani.

Ngalawa naiheshimu. Ni rahisi kununua, wawili wanaiendesha, inapanda mchanga popote, na matengo yake, zile mbao za pembeni zinazoelea, yanaizuia isipinduke ovyo. Ungekuwa unatoka peke yako au na mwenzako mmoja, ningekwambia nenda kachongeshe kesho. Ila mtumbwi ni mwembamba, maji yanawarukia waliomo safari nzima, na wajukuu hawana pa kukaa wala pa kulala wakichoka. Isitoshe gogo la mwembe la kutosha ngalawa kubwa si jambo la kulipata kwa urahisi siku hizi.

Kuhusu faiba, mwanao asinikasirikie. Boti nyingi za tanga zinazotoka Ulaya zina mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu kwenda chini, mita moja na nusu na zaidi. Maji yetu wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, hupanda na kushuka karibu mita nne. Chombo cha namna hiyo huwezi kukiweka mchangani pale Sahare maji yakipwa, kitalala ubavu. Kinataka maji ya kina kila saa, nanga nzito na mlinzi. Nyaya zake za mlingoti na vyuma vyake vya sitaha huvipati duka lolote la mtaani, na kikifika kutoka nje kuna ushuru. Mbao ikioza, fundi yuko Kigombe, yuko Pangani, yuko Nungwi ukivuka. Hilo peke yake kwangu linatosha kumaliza mjadala.

Kwa hiyo tafuta mashua iliyotumika ya futi 18 hadi 20, yenye mkuku mrefu usio na kina kirefu. Sasa namna ya kuikagua, maana hapo ndipo fedha hupotelea.

Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa, chombo kikae mkavu uweze kulala chini yake. Vaa nguo chakavu. Ukikuta chini kumepakwa rangi mpya au deheni (mafuta mazito ya kupaka chini ya chombo) mbichi wiki hiyo hiyo, muulize mwenyewe kwa adabu kwa nini asingoje mnunuzi apake mwenyewe, halafu omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu au nne. Akikataa, aga uondoke.

Anza na mkuku na ubao wa kwanza ulioshikana nao, pande zote mbili. Ndipo chombo kinaposugua mchanga, rangi hutoka, na mdudu wa baharini hupata mlango. Huyu mdudu ana hila: huingia akiwa mdogo sana, hukulia ndani ya mbao na kuitoboa kwa kufuata urefu wake, na nje tundu linabaki lisilozidi kichwa cha pini. Macho hayatakusaidia. Chukua nyundo ndogo ugonge ubao hatua kwa hatua. Mbao nzima inalia kavu na kwa ukali. Iliyoliwa inajibu kwa sauti nzito, iliyokufa. Hapo piga alama kwa chaki, kisha jaribu kwa ncha ya kisu. Kikiingia bila ubishi, ubao huo unatolewa wote.

Angalia mbao zilizobadilishwa. Mashua ya mvule au msaji ambayo imechomekwa msonobari chini ya maji ni ya mtu aliyeitengeneza ili aiuze. Angalia misumari: michirizi ya kutu inayoshuka chini ya kila kichwa maana yake chuma kinaliwa, na mbao inayokizunguka inalainika pamoja nacho. Mitatu minne isikutishe. Safu nzima ikilia kutu, utakuwa unaijenga mashua upya.

Ndani, toa vibao vya kukanyagia ufike ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo adui, kumbe chumvi huizuia mbao kuoza. Kinachoozesha ni maji ya mvua yaliyotuama, hasa tezini (nyuma ya chombo) na chini ya vibao vya kukalia, mahali ambapo upepo haufiki. Chunguza kila taruma (mbavu za ndani za chombo) mahali linapokutana na mkuku. Mataruma mazuri yamekatwa kwenye mti uliopinda wenyewe, kama mlilana, nyuzi za mti zikifuata mpindo. Lililokatwa kwenye mbao iliyonyooka hupasuka hapo hapo kwenye kona. Tazama na shimo la kusimamishia mlingoti, huwa linasahauliwa.

Kuhusu kuvuja: anayesema mashua yake ya mbao haivuji hata tone amekudanganya, au hajaitia majini. Chombo kilichokaa juani miezi mbao zake husinyaa, na kikishushwa kitaingiza maji siku ya kwanza. Hilo si kosa. Mwombe akiache majini siku mbili, mbao zijae na pamba ya kalafati ibane. Siku ya tatu fua maji yote jioni, kisha rudi asubuhi uhesabu ndoo. Ndoo moja au mbili kwa chombo cha futi 20 naipokea. Ukifua ndoo kumi, kalafati imekufa au kuna kitu kibaya zaidi, na bei ishuke kwa gharama ya kalafati nzima, au uachane nayo. Jaribio hili usilifanye kabla ya lile la nyundo, kwa sababu maji yakishaijaza mbao huficha nyufa nyingi.

Tanga kuukuu lisikuvunje moyo, mradi likatwe bei. Hilo linashonwa. Kamba vilevile. Fedha ya kweli iko kwenye mkuku, mataruma na mbao za chini.

Mashine funga, ndogo. Kwa futi 20 iliyobeba familia, ya nguvu ya farasi 8 inatosha kukurudisha upepo ukikatika wakati wa maleleji, majira ya upepo kubadilika, na tanga libaki ndilo linalokupeleka. Hii ndiyo sababu nimekutajia mashua na sikutaja dau: tezi ya mashua imekatwa bapa, kibao cha mashine kinakaa vizuri pembeni mwa usukani, dau limechongoka kote kuwili na utahangaika. Chukua mashine ya shafti ndefu, fupi itakuwa inachota hewa kila wimbi likiinua tezi.

Kabla ya kulipa, taka karatasi za usajili na ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, zenye jina la huyo anayekuuzia, mkabidhiane mbele ya mashahidi, na kwenye ile theluthi ya akiba toa kwanza ya jaketi okozi, yakiwemo ya saizi ya watoto. La mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini.