Chai ya Alfajiri ya Pasaka

Mmeuliza wiki hii: "Ufufuo una maana gani kwako Pasaka ikishapita?" Wengi watawajibu kwa kaburi tupu. Mimi nitawajibu kwa kikombe cha chai.

Sisi Wamoraviani wa Tukuyu Pasaka tunaianzia makaburini, gizagiza. Desturi yenyewe ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Matarumbeta yanalia, tope la masika linavuta viatu (mvua ya Rungwe mnaijua), mchungaji anapaza sauti, "Bwana amefufuka!" Nasi tunaitikia, "Amefufuka kweli kweli!"

Mwaka ule niliitikia nikiwa nyuma kabisa. Mama alikuwa ameugua miezi saba. Dada yangu ndiye aliyemgeuza kitandani na kumnywesha uji kwa kijiko. Mimi nilikuwa Mbeya mjini, hapo tu, nikituma hela na visingizio. Nilikuja kuzika. Baada ya hapo simu za dada nikawa sipokei, kwa aibu.

Ibada ilipokwisha nikateremka kimya kimya kuelekea stendi. Dada akaniita kwa mbali: "We, unakwenda wapi na njaa?"

Nyumbani jiko la mkaa lilikuwa limeshakolea. Viazi vitamu vya kuchemsha, chai ya maziwa yenye tangawizi. Akanimiminia kwenye kikombe cha bati alichokuwa akinywea mama.

Yohana 21 nilikuwa nimeisoma tangu kipaimara, lakini niliielewa siku hiyo. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Sasa ufukweni anaukuta moto wa makaa tena, safari hii juu yake pana samaki, na mkate upo. Aliyekanwa ndiye mpishi! Ameshinda mauti, na asubuhi hiyo anashughulika na njaa ya wavuvi waliokesha ziwani. "Njoni mfungue kinywa," anawaambia. Lile swali zito, "Wanipenda?", lililorudiwa mara tatu, Yohana anasema lilikuja walipokwisha kula.

Kwa hiyo kuulizwa nitaulizwa, najua. Ila nitaulizwa na aliyekwisha kunipikia.

Dada naye alisubiri nimalize kikombe. Kisha akavuta kigoda karibu, akasema, "Haya, mdogo wangu. Ulikuwa wapi?"

Msomaji wenu, Tukuyu