Kwa Nini Picha Safi ya Simu Hutoka na Ukungu Karatasini: Maswali na Majibu

Assalaam aleikum, ndugu mwandishi. Picha ya harusi ya dada yangu ni safi kabisa kwenye simu, lakini nilipoituma studio kwa WhatsApp isafishwe kwa ukubwa wa A3, ilitoka na ukungu, na mistari ya piko vidoleni mwa bibi harusi imeungana ikawa doa. Je, mashine yao ni mbovu? (Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam. Huenda mashine haina kosa lolote. Picha ya dijitali imeundwa kwa vinukta vya rangi viitwavyo pikseli, na idadi ya vinukta hivyo ndiyo inayoamua picha inaweza kukuzwa hadi wapi kabla ya kuharibika. WhatsApp, ikiachwa katika mpangilio wake wa kawaida, huipunguza picha kabla ya kuituma. Tuseme upande mrefu wa picha yako ulibaki na pikseli 1,600: skrini ya simu itajaa vizuri, lakini karatasi ya A3 ina urefu wa inchi 16.5, kwa hiyo kila inchi ilipata pikseli 97 tu, ilhali kipimo kilichozoeleka kwa picha ya kutazamwa karibu ni 300. Kwa kipimo hicho, picha hiyo ingetoka vizuri kwa urefu wa inchi 5 na kidogo, basi.

Itafute picha ya asili katika simu iliyoipiga. Simu ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, hutoa picha ya takribani pikseli 4,000 kwa 3,000, ambayo kwenye A3 hufikia pikseli 240 hivi kwa inchi, na hiyo inatosha, mradi picha haikukatwa sana pembeni. Naumia kila ninapoona familia imebaki na nakala za WhatsApp peke yake za harusi ambayo haitarudiwa. Tafadhali, mwombeni mpiga picha faili zake mapema, kabla hajazifuta.

Niitumeje basi kwa jamaa zetu walioko Mombasa bila kuipunguza? (Langoni, Lamu)

Katika WhatsApp, itume kama hati badala ya kuichagua kama picha, nayo itafika jinsi ilivyo. Chaguo la HD (ubora wa juu) ni bora kuliko la kawaida, ila bado hubana. Picha zikiwa nyingi, flashi aliyopewa msafiri wa kuaminika ni njia nzuri pia. Usitume kamwe picha ya skrini, kwa kuwa hiyo hubeba pikseli za skrini ya simu yako na si za picha yenyewe.

Kijana wa saiba alibadilisha tarakimu ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300 katika programu ya picha, akasema sasa itachapika vizuri. Ni kweli? (Malindi)

Hapana. Ikiwa idadi ya pikseli ni ileile, tarakimu hiyo inaieleza mashine tu picha ichapwe kwa ukubwa gani. Na programu ikiongeza pikseli, hukisia rangi za katikati. Haiwezi kurudisha ukope ambao kamera haikuunasa.

Tunaandaa bango la Maulidi lenye upana wa mita 3. Je, nalo linahitaji pikseli 300 kwa inchi? (Lamu)

Halihitaji. Mita 3 ni inchi 118, na kwa kipimo hicho mngehitaji zaidi ya pikseli 35,000 kwa upana, ambazo simu zetu hazitoi. Jicho lenye afya, likiwa umbali wa mita 3, haliwezi kutenganisha vinukta vilivyokaribiana kuliko takribani milimita 1; kwa hiyo picha ya Msikiti wa Riyadha yenye pikseli 4,000, inayotoa 34 kwa inchi, itapendeza kwa watu wanaoitazama kutoka upande wa pili wa uwanja. Maandishi ndiyo ya kuangaliwa: yaandikwe katika programu ya usanifu na yabaki kuwa herufi, yasigandishwe ndani ya picha, ndipo kingo zake zitoke kali.

Nina picha ya karatasi ya marehemu babu, inchi 4 kwa 6, na nataka kuikuza mara mbili. (Shela)

Iondoe kwenye fremu, ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kisha iskaniwe kwa pikseli 600 kwa inchi. Utapata pikseli 3,600 kwa 2,400, yaani inchi 12 kwa 8 kwa kipimo cha 300. Nakala ya kwanza ihifadhiwe kwa TIFF, aina ya faili kubwa inayotunza ubora wote, na kutoka humo utoe JPEG, yaani faili ndogo zilizobanwa, za kuwatumia ndugu.